Papa Théoneste Amepata wa Kumkatalia

Tarehe 30 Novemba mwaka huu, Papa Théoneste Munyakazi, mkuu wa Brigedi ya Barabara ya Kashebere, anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya kazi. Tunaandika sentensi hii tukiwa tumeshusha pumzi. Iliwahi kuandikwa mara mbili kabla ya leo, na mara mbili ilifutwa kwa sababu mwenyewe alibadili mawazo sherehe ikiwa tayari na mbuzi amekwisha kununuliwa. Safari hii haifutwi. Kofia ameirudisha, firimbi ameikabidhi, na Mama Emérita, mke wake, amekwisha kumtengea shamba la viazi huko kwao Masisi, tena lile lenye mawe.

Kwa wageni waliotoka mbali kuja kwenye sherehe hii, tueleze kidogo. Barabara yetu ni ya udongo. Inatoka Masisi, inateremka vilima, inapita hapa Kashebere, kisha inaingia msitu wa Walikale kuelekea Mubi. Mvua ikinyesha, udongo wote unageuka potopoto. Lori moja la Fuso lenye mzigo likipita juu yake linachimba mifereji miwili. Gari linalofuata linazama ndani yake, na la tatu halipiti kabisa. Ndiyo sababu tuna bariyeri ya mvua. Ni mwanzi mmoja mrefu uliolazwa juu ya panda mbili za mti. Tunaushusha mvua ikianza, tunauinua barabara ikikauka. Hauna kufuli wala mnyororo, na mtoto wa shule anaweza kuuinua kwa mkono mmoja. Unabaki chini kwa sababu tu kuna mtu amesimama kando yake na watu wamekubali anachosema.

Hapo ndipo ulipokuwa wasiwasi wetu. Katika nchi hii neno bariyeri halina marafiki. Kila mmoja wetu amekwisha kusimamishwa mahali fulani na mtu fulani, akapita baada ya kuacha kitu. Bariyeri ya Papa Théoneste ilichukua muda wako tu, na watu waliiamini kwa sababu yake. Je, akiondoka? Mashofere wangemsikiliza nani? Kila alipoulizwa kwa nini anaahirisha kustaafu, alijibu maneno yale yale: "Nitaenda kwangu siku nitapata muntu wa kunikatalia miye, hapa hapa ku bariyeri." Sisi tulicheka. Mama Emérita hakucheka, maana yeye ndiye aliyekuwa akimpokea mume wake Krismasi na Pasaka kama mgeni, na kumwona anaondoka tena kabla nguo hazijakauka kwenye kamba.

Papa Théoneste alizaliwa kwenye vilima vya Masisi, katika familia ya wakulima wa maharagi na viazi. Alifika Kashebere akiwa kijana mwembamba mwenye beleshi lake mwenyewe, jambo lililompendeza sana Papa Luc, mkuu wa kwanza wa brigedi, mtu wa huku msituni. Akaandikwa kuwa kantonye, yaani mmoja wa wale wanaofyeka nyasi za kando ya barabara, kuchimba mitaro na kuziba mashimo kwa mikono. Kwa beleshi hakuwa na mpinzani. Mashimo aliyoziba yalizibika kweli. Basi Papa Luc akaona mtu mwenye mikono ya namna ile na sauti nzito kama yake afaa kukaa kwenye bariyeri, akamkabidhi mwanzi.

Tuseme ukweli, maana sherehe bila ukweli ni mbuzi na soda tu: hakuiweza kazi hiyo. Alidhani kazi ni kushusha mwanzi na kuondoka. Alipiga firimbi, akaushusha, akaingia katika kibanda chake cha mbao na kufunga mlango. Aliyegonga kuuliza lolote alijibiwa neno moja kutoka ndani: "Apana." Hakutoa sababu, hakutaja saa, hakusema hata pole. Mashofere wakambatiza Papa Apana, na jina likafika Mubi kabla yake. Akina mama wauza ndizi waliamini kwamba anangoja kupewa kitu. Wakamwekea mkungu mlangoni. Alipoukuta alikasirika, akautupa nje. Akina mama wakashauriana, wakaona bila shaka ulikuwa mdogo, na siku iliyofuata wakaleta mkubwa zaidi.

Leo tunacheka, lakini wakati ule haikuwa ya kuchekesha. Yeye alikuwa mtu wa vilima, wengi waliosimama mbele ya mwanzi walikuwa watu wa msitu, na miaka yenyewe ilikuwa migumu. Mlango uliofungwa, nyuma yake mtu asiyesema, haukawii kupewa maana mbaya. Kulikuwa na manong'ono. Papa Luc aliyasikia, na hakulala vizuri.

Kisha ikaja Fuso ya baba mkwe.

Kwao vilimani, na hata kwetu huku, baba mkwe hakataliwi. Mkwe hapandishi sauti mbele yake, hamkatizi njia, hampi mgongo. Anaitikia ndiyo Papa, basi, mengine anakwenda kuyalalamikia nyumbani kwa mke wake. Siku ile baba mkwe alikuwa akitoka Mubi na Fuso iliyojaa mchele na mafuta ya mawese kwa ajili ya sherehe ya ukoo. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha na mwanzi ulikuwa chini. Mzee hakusema mengi. Alitoa kichwa dirishani, akaita, "Théoneste." Na Papa Apana, aliyekwisha kuwakatalia matajiri na wanakwaya, alitoka kibandani, akainua mwanzi kwa mikono miwili, akainamisha kichwa mpaka gari likapita.

Halikufika mbali. Kwenye mteremko wa kijito liliteleza, likageuka na kulala kukingama barabara nzima, na likakaa pale zaidi ya juma zima. Upande wa juu kabichi za Masisi zilioza ndani ya magunia, upande wa chini ndizi za kijiji cha Buleusa ziliiva, zikapasuka, zikawa chakula cha nzi. Mchele wa sherehe uliliwa na madereva waliokwama. Baba mkwe mwenyewe alivushwa potopoto akiwa mgongoni mwa mkwe wake, kofia kichwani, fimbo mkononi.

Hakuna aliyemwona akiinua mwanzi ila jamaa zake waliokuwa ndani ya Fuso. Angeweza kusema uliangushwa na upepo, na watu wangeshindwa kubisha. Badala yake alivua kofia, akaanza kutembea kutoka gari hadi gari. Mwandishi wa mistari hii, aliyekuwa karani mpya wa brigedi, alimfuata nyuma akiogopa atapigwa. Kwa kila gari alisimama na kusema yale yale: "Ni miye nilifungua. Nilifungua juu ule ni baba mukwe wangu. Munisamehe." Wengine walimtukana. Wengine walitazama pembeni. Mama mmoja alichagua kabichi iliyooza vizuri, akamlenga, ikampata kifuani. Hakuipangusa. Aliendelea hivyo, na maji ya kabichi yakimtiririka shatini, mpaka gari la mwisho.

Papa Luc alikuwa amekwisha kuamua kumfukuza. Alipoona vile akakaa juu ya jiwe, akafikiri, akasema maneno ambayo brigedi haijayasahau: "Muntu mwenye anaweza kusema 'ni miye' mbele ya bantu, ingine yote tutamufundisha." Akamwacha kazini. Tunamshukuru marehemu kwa uamuzi ule kuliko kwa barabara yote aliyotuachia.

Jambo la kwanza Papa Théoneste alilofanya, bila kuagizwa na mtu, ni kung'oa mlango wa kibanda. Aliulaza chini, akaupigia miguu minne, ukawa benchi. Akauweka mbele ya mwanzi. Tangu siku hiyo hakuwa tena na pa kujificha, na watu walikuwa na pa kukaa. Benchi lile lipo mpaka leo, na anayelikalia upande wa kushoto bado anachomwa na mahali pa kitasa.

Jambo la pili lilimchukua miaka: kusema. Papa Luc alimfundisha kuzungumza na mtu wa mwisho kwenye mstari, yule asiyesikia vizuri, badala ya kubishana na anayepiga kelele mbele. Alimfundisha mpangilio ambao kila mfanyakazi wetu sasa anaujua kama sala: kwanza salamu, halafu barabara, halafu saa. Yaani unasalimia watu kwa ukamilifu, wazee na watoto, hata kuku waliofungwa juu ya paa la gari. Kisha unaeleza mvua imefanya nini na wapi. Kisha unataja ni lini utainua, na muda huo ukifika unainua kweli. Mwanzoni Papa Théoneste aliyasema yote kwa pumzi moja kama anayefukuzwa. Akina mama wa ndizi walimwambia arudie. Akarudia. Wakamwambia arudie tena, polepole, na baadhi yetu tunashuku kwamba mara hiyo ya tatu walikuwa wanamchokoza tu.

Kuhusu hasira yake, maana hatutaki ionekane iliondoka kama homa: haikuondoka. Aliipa kazi. Kila alipohisi inapanda alichukua beleshi, akaenda kuchimba mtaro. Ndiyo maana mitaro iliyo karibu na bariyeri ni mizuri kuliko yote ya brigedi. Mhandisi mmoja aliyepita hapa aliisifu na kuomba kujua ilichimbwa kwa mbinu gani. Tulitazamana tu.

Alijiwekea pia masharti ambayo hakuna aliyemlazimisha. Mwanzi ukiwa chini, hali chakula kama wanaongoja hawajapata pa kukaa. Hagusi kasiksi, pombe yetu ya ndizi, na mliowahi kuonja kasiksi ya hapa Kashebere mnajua hiyo ni adhabu. Hapokei hata yai. Wapo wasafiri waliojaribu kumwachia zawadi wakati barabara kavu na mwanzi juu, kwa shukrani safi, na bado aliwakimbiza nazo mpaka kwenye kona.

Baba mkwe alirudi msimu mwingine, na mvua nayo ikarudi. Watu walishuka magarini makusudi kuja kutazama. Papa Théoneste alimwendea mzee kabla hajatoa kichwa dirishani. Alibeba benchi, akaliweka karibu na mlango wa gari, akamletea kikombe cha maziwa kutoka Masisi, akakishika kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, akasema, "Papa, niko nakuomba ukae na siye." Neno apana halikutamkwa na mtu. Mzee alilitazama benchi, akawatazama watu, akashuka. Alikunywa maziwa, akauliza habari za wajukuu, akaeleza habari za ng'ombe wake mmoja baada ya mwingine, na mwanzi ukabaki chini mpaka udongo ulipokauka. Tangu siku hiyo jina la Papa Apana likaanza kufa.

Si kila aliyefika alikubali kukaa. Walikuwapo wenye bunduki, katika miaka ambayo hatuna haja ya kuitaja kwenye sherehe, na Papa Théoneste hakuwahi kujifanya shujaa mbele yao. Aliwasalimia, akawaambia hali ya barabara, akawaambia saa, akasogea kando. Baadhi walingoja, jambo lililotushangaza. Waliopita na kuzama aliwafuata na beleshi, akawasaidia kujichimbua, na hakuwacheka hata walipokuwa mbali. Sisi tuliwacheka kwa niaba yake.

Mlolongo wa aliyoyatimiza ungejaza programu nzima, na mkuu wa sherehe amenionya. Yatosha kusema kwamba alipokuwa mkuu wa brigedi, baada ya Papa Luc, alijenga payote, yaani banda lisilo na kuta, yenye paa zuri juu ya benchi lile. Aliwaingiza wanawake katika kazi ya bariyeri wakati wengi walisema haiwezekani. Na aliweka desturi kwamba kila barza ya bariyeri, yaani kile kikao cha kuwaeleza wasafiri, iongozwe na mfanyakazi tofauti. Kwaya yetu pia aliianzisha yeye. Kuhusu kuimba kwake tutanyamaza, kwa heshima.

Katika desturi hiyo ya zamu ndipo alipoonekana dada Nadine.

Nadine ni binti wa Buleusa, wa familia ya wakulima, na alianza kwetu kwa kufyeka nyasi. Ana nguvu, ana akili, na alikuwa na shida moja: akiogopa anacheka. Kicheko kinamtoka chenyewe, chembamba, hawezi kukizuia. Zamu yake ya kwanza ya kuongoza barza, mfanyabiashara mmoja alilalamika kwa uchungu kwamba nyanya zake zinaharibika, na Nadine, kwa woga, akamchekea usoni. Ikawa vurugu. Mwanzi uliinuliwa na watu wenye hasira, na ilibidi Papa Théoneste asimame katikati ya barabara. Nadine alikimbia mpaka Buleusa, akasema harudi tena mbele ya watu maisha yake yote.

Papa Théoneste alimfuata kwa miguu. Hakumwambia kwamba haikuwa kosa. Alimsimulia habari ya kabichi, yote, pamoja na harufu. Nadine akarudi. Kisha yakaanza mafunzo ambayo Kashebere nzima iliyatazama kwa furaha: kila asubuhi alimsimamisha mbele ya mbuzi wa jirani, awatangazie bariyeri. Salamu, barabara, saa. Mbuzi walitafuna, walitembea, mmoja alikula karatasi yake ya maelezo. Papa Théoneste alikaa kando na kusema, "Mbuzi haisikiake muntu. Ukiweza kuisimamisha, shofere ni kitu gani?" Kicheko kilikuwa bado kinamjia, lakini alijifunza kufunga mdomo, kuvuta pumzi kwa pua, kungoja kipite, ndipo aseme. Miaka miwili iliyopita alifanywa naibu wa mkuu. Na bado Papa Théoneste hakuondoka. "Anakatalia bengine," alisema. "Miye bado."

Sasa tufike mwezi wa Oktoba, mwezi uliotupa ruhusa ya kuandika haya.

Mtoto wa mwisho wa Papa Théoneste, Nizeyimana, alikuwa anafunga ndoa Masisi. Bibi harusi na ndugu zake walitoka Mubi na Fuso yenye viti, makreti ya vinywaji na sufuria kubwa, na wangempitia Papa Théoneste hapa. Mama Emérita alishuka mwenyewe kutoka Masisi siku moja kabla kuja kumchukua, kwa sababu, alisema, anamjua mume wake. Papa Théoneste alivaa suti nyeusi na tai. Alipanda mbele, mke wake katikati, na wakati shofere anawasha gari, mvua ikamwagika.

Nadine ndiye aliyekuwa zamu. Akapiga firimbi, mwanzi ukashuka.

Mvua ilipokatika, msafara ulikuwa umeshakuwa mrefu nyuma ya Fuso ile. Papa Théoneste alitazama saa yake, akatazama mawingu, akasema mvua ilikuwa ndogo. Wote tuliokuwa pale tulijua haikuwa ndogo. Yeye pia alijua, maana hakuna mtu duniani anayeijua barabara ile kuliko yeye. Lakini kanisani mwanawe alikuwa anangoja, na mke wake alikuwa kando, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa upande ule wa mwanzi. Akatoa kichwa dirishani.

"Nadine, mwana wangu, inua kidogo. Ni harusi ya Nizeyimana."

Mwandishi wa mistari hii alitazama viatu vyake. Nyuma yetu mashofere wote walikuwa wametoa vichwa nje. Kila mmoja alielewa. Mwanzi ukiinuliwa kwa ajili ya Papa Théoneste, kesho utainuliwa kwa tajiri, kesho kutwa kwa mwenye sauti kubwa, na kazi ya miaka yote itakwisha hapo, siku ya harusi, mbele ya bibi harusi wa watu. Usipoinuliwa, basi binti aliyefundishwa kazi na mtu huyu kama mtoto wake atamfedhehesha mbele ya mke wake na wakwe zake wapya. Tuliona mdomo wa Nadine unaanza kucheka. Tulifumba macho.

Akaufunga. Akavuta pumzi. Kisha akageuka, akaingia kwenye payote, na tukadhani amekimbia tena Buleusa.

Alirudi na benchi kichwani, lile lililokuwa mlango. Akaliweka chini, karibu na mlango wa Fuso, upande wa kitasa akauelekeza mbali, usije ukamchoma. Akarudi tena, akaja na chai katika kikombe cha plastiki, maana maziwa hatukuwa nayo. Akakishika kwa mikono miwili.

"Shikamoo Papa, shikamoo Mama. Papa, niko nakuomba ukae na siye. Kule ku mutelemuko wa kijito iko maji mingi, gari itateleza. Saa jua itafika pa ule muti, nitainua, na weye njo utapita wa kwanza."

Papa Théoneste alimtazama. Taya zake zilikaza. Sisi wa zamani tuliitambua sura ile. Ilikuwa ni Papa Apana, amerudi amevaa tai. Akasema kwa sauti nzito, "Nadine. Leo njo unanifunga miye?"

"Njo Papa," akajibu, yaani ndiyo. "Hata weye."

Macho ya Papa Théoneste yalianza kutafuta beleshi. Hakukuwa na beleshi, na suti ilikuwa ya kuazima. Akabaki ameshika mlango. Halafu mlango ukafunguka, akashuka polepole, akaliendea benchi lake, akaketi, na akapokea chai. Alipoinua uso, macho yalikuwa na machozi na meno yote yalikuwa nje.

"Njo huyu," alisema. "Emérita, njo huyu!"

Kutoka ndani ya Fuso Mama Emérita alipiga kelele za shangwe zilizosikika, nadhani, mpaka Mubi. "Aksanti Yesu! Amepatikana! Théoneste, umesema na kinywa yako, sasa unarudi ku nyumba!" Msafara mzima ukalipuka kwa vicheko. Mashofere walipiga honi. Na Nadine, ambaye sasa hakuwa na sababu ya kujizuia, alicheka kicheko chake chembamba mpaka akakaa chini. Papa Théoneste aliingiza mkono ndani ya koti la suti, akatoa firimbi yake mwenyewe. Ndiyo, alikuwa ameibeba hata kwenda harusini. Akaikunjua kamba yake, akamvisha Nadine shingoni.

Mtauliza, na harusi? Harusi haikupotea. Padri Christian, aliyetakiwa kuifungisha, alikuwa katika jipi ya parokia, gari la tatu nyuma yao, na haingewezekana kuanza bila yeye. Alikuja akaketi kwenye benchi upande wa kushoto, akachomwa na kitasa, akamaliza chai iliyobaki. Jua lilipofika penye mti, Nadine aliinua mwanzi. Magari yote yalipita kijito bila hata moja kuteleza, na ndoa ilifungwa jioni ile ile, sufuria zote zikiwa salama. Tunaambiwa aliyeona saa zile ni ndefu ni bwana harusi peke yake.

Jumatatu iliyofuata Papa Théoneste alituambia anastaafu, na mara ya tatu hatukununua mbuzi mpaka tulipomwona anafunga mizigo. Tangu hapo mvua zimenyesha, na nzito. Mwanzi umeshuka na kuinuka mikononi mwa Nadine. Watu wanasalimiwa, wanaelezwa, wanangoja, wanapita. Tulichokiogopa kwa miaka hakikutokea, na baadhi yetu tumeanza tena kulala wakati wa mvua.

Papa Théoneste, brigedi yako inakushukuru. Asante kwa mitaro, hata kwa hasira iliyoichimba. Asante kwa kung'oa ule mlango. Asante kwa kutufundisha kusema "ni miye" kabla ya kuulizwa, kusalimia kabla ya kukataza, na kushuka garini mtu aliye mdogo kwako anapokuomba ukae. Mama Emérita, huyu hapa, tunakurudishia. Ametumika sana lakini bado yuko mzima, na akikasirika mpe beleshi, shamba la mawe litapona. Tunawaombea viazi vikubwa, wajukuu wengi, na masikio ya kustahimili nyimbo zake.

Kesho asubuhi, gari lenye mizigo yenu litakapofika kwenye bariyeri, mkuu mpya ameomba afanye kazi ile kwa mikono yake mwenyewe, na ametuachia maneno ya kumalizia programu hii. Tunayaandika kama alivyoyasema:

"Barabara imekauka, Papa. Mwanzi iko juu. Pita."

*Floribert, katibu wa Brigedi ya Barabara ya Kashebere, kwa niaba ya wafanyakazi wote*